Manyoya Tunayachoma, Ziwa Rukwa Lipo

Wanachuo wenzangu, kwetu Muze kuku akichinjwa, manyoya huishia jalalani au motoni. Kuoza yanachelewa mno. Yamejengwa kwa keratini, protini iliyokazwa kwa vifungo vya salfa, kiasi kwamba vimeng'enya vya tumboni mwetu haviiwezi. Ila wapo bakteria wanaoiweza.

Mwaka 2003 mtafiti wa Ethiopia, Amare Gessesse, na wenzake walichapisha utafiti wa bakteria wapenda magadi waliokuzwa kwa manyoya ya kuku, wakatoa vimeng'enya vya kuvunja protini. Sasa nauliza: Ziwa Rukwa nalo si la magadi? Mbona tafiti zetu za mwaka wa mwisho zinarudia mada zilezile za kaka zetu?

Mtu atasema, kuku wa kijijini ana manyoya kiasi gani bwana? Kweli, machache. Malundo yako kwenye machinjio ya mijini. Sisi wa bondeni tunachoweza kuchangia ni tope lenye hao bakteria. Manyoya yana naitrojeni karibu asilimia 15. Yakivunjwa yanarutubisha mahindi, na mkulima wa Ufipa anaujua uchungu wa bei ya mbolea.

Tahadhari moja: manyoya ya kuku waliokufa kwa kideri yasiguswe, yafukiwe.

Ninyi wa mikrobiolojia, muulizeni msimamizi wenu habari za kibali, kisha likizo hii rudini na tope la Rukwa kwenye chupa. Mkikosa bakteria, nalo ni jibu la kuandika.