Mnazi Ulioinama

Jalada la kwanza lililoletwa mezani kwangu lilikuwa na mnazi ulioinama, mchanga mweupe na bahari iliyotulia. Zuri kweli. Nikauliza, hapa ni wapi? Mmoja akasema Paje, mwingine akaapa kuwa ni Diani. Wote wawili wazaliwa wa Pwani! Picha ile haikutoka.

Sina ugomvi na mchanga. Nimeogelea tangu utotoni na bado naogelea. Lakini minazi na mchanga viko Maldivi pia, na wenzetu wanajua kuviuza kuliko sisi. Kilwa haiko huko.

Ndiyo maana toleo hili la likizo linaanzia Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala ikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya mwamba unaotazama bahari, bado lina birika lake la pembe nane. UNESCO iliyaingiza magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa 2014.

Hayo mwongozaji atakusimulia. Mimi nakuomba utazame juu. Ingia nyumba yoyote ya kale, iwe Lamu au Mji Mkongwe, ukipime chumba kwa hatua: urefu upo, ila upana hauzidi hatua tatu, nne. Si ubahili wa mwenye nyumba. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua kitanda kitakaa vipi.

Nyumba hizi hazitaki kusahauliwa. Chokaa ikibanduka, maji ya mvua huingia ukutani, boriti ikaanza kuoza kimyakimya. Beit el Ajaib ya Mji Mkongwe, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu Desemba 25, 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Sasa mgeni anayelala ufukweni siku saba, akapita mjini saa mbili kununua kanga kabla ya boti, ameacha nini cha kununulia hata debe la chokaa? Wala nisiwasingizie Wazungu peke yao. Sisi wa Dar es Salaam tukienda Nungwi kula sikukuu, tunasimama Forodhani, tunapiga picha, tunaondoka.

Ombi letu ni usiku mmoja kati ya hizo saba. Lala mjini, kwenye nyumba ya wageni ya mwenyeji. Alfajiri uamshwe na adhana, kisha ukanywe kahawa barazani na wazee. Fukwe hatukuziacha, utazikuta nusu ya pili ya gazeti.

Na ukienda Kilwa, mashua utaipanda Masoko. Maji yakiwa yamekupwa, Kisiwani utashushwa kabla ya nchi kavu. Kunja suruali.