Kura ya diwani si ya kubadilishana na pilau

Ndugu msomaji, nenda kijiwe chochote cha mjini jioni hii, kaa kwenye benchi, agiza kahawa na kashata, kisha uliza swali moja tu: diwani wa kata hii ni nani? Utatajiwa rais, utatajiwa mawaziri, utapangiwa kikosi kizima cha Simba au Yanga pamoja na wachezaji wa akiba. Lakini jina la diwani litawashinda. Mmoja atasema, "Si yule mwenye mabasi?" Mwingine atasema ni yule aliyemwaga kofia na fulana wakati wa kampeni, akala kiapo, akapotea.

Hapo ndipo walalahoi tunapoliwa. Ushuru wa soko unaolipa kila siku, eneo unalopangiwa kufanyia biashara, dampo lililo nyuma ya nyumba yenu, na sheria ndogo inayompa mgambo ubavu wa kubeba meza yako, yote hayo yanapita mikononi mwa baraza la madiwani. Halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Wewe kijana ambaye mtaji wako ni beseni la karanga, uliwahi kumuuliza diwani wako ile asilimia nne imekwenda kwa nani? Mwaka 2021 machinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam na miji mingine, wengi walilia redioni. Ni wangapi waliokwenda kwenye kikao cha madiwani, ambacho mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza?

Wapo wanaosema udiwani ni cheo kidogo, wampe yeyote mwenye hela. Kwa hao tuna kisa cha kweli. Kimetokea mbali, Rio de Janeiro nchini Brazil, lakini kila mtoto wa uswahilini atakielewa.

Huko Rio kuna mitaa ya walalahoi iitwayo Maré. Mwaka 1979 alizaliwa humo binti mweusi, Marielle Franco. Akapata mtoto akiwa na miaka 19. Hakukata tamaa, akasoma hadi chuo kikuu. Rafiki yake alipouawa kwa risasi mtaani, akaingia kwenye harakati za haki. Kwa takriban miaka kumi alifanya kazi katika ofisi ya mbunge wa jimbo, Marcelo Freixo. Kazi yake ilikuwa kuwapokea na kuwasikiliza wazazi waliouliwa watoto, wakazi waliovunjiwa milango usiku, na hata wake wa askari waliouawa kazini. Huyo hakuwa mwanasiasa wa kupunga mkono dirishani. Alikuwa mtu wa kukaa na watu.

Mwaka 2016 akagombea udiwani kwa tiketi ya chama cha upinzani, PSOL, chama kidogo kisicho na fedha za kutapanya. Walioujua mkono wake walimpa kura 46,502. Kati ya madiwani 51 wa jiji, alikuwa wa tano kwa wingi wa kura. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Akiwa barazani hakugeuka bubu. Alipeleka muswada wa vituo vya kulea watoto nyakati za usiku, ili mama na baba wanaofanya kazi au kusoma usiku wawe na pa kuwaacha wanao. Alipiga kelele juu ya polisi waliokuwa wakiua vijana wa mitaa ya maskini. Mwezi Februari 2018 serikali kuu ilipokabidhi usalama wa Rio kwa jeshi, yeye alipewa kazi katika kamati ya baraza ya kulifuatilia jambo hilo.

Tarehe 14 Machi 2018 usiku, gari lake lilimiminiwa risasi. Akafa yeye na dereva wake, Anderson Gomes.

Watu wa Rio hawakulala. Walijaza barabara, wakauliza swali moja kwa miaka: nani aliagiza Marielle auawe? Mwaka 2019 walikamatwa wawili waliowahi kuwa polisi, na Oktoba 2024 wakapatikana na hatia. Machi 2024 walikamatwa wanasiasa wawili, ndugu wa tumbo moja, wakituhumiwa kuagiza mauaji, pamoja na aliyekuwa mkuu wa polisi wapelelezi akituhumiwa kuwakingia kifua. Na kisa ni nini? Wachunguzi walisema ni ardhi. Marielle alikuwa kikwazo kwa wenye kutaka kujinufaisha na viwanja vya mitaa ya maskini.

Sasa tujiulize, jamani. Kama udiwani ni cheo kidogo, mbona mtu anauliwa kwa sababu yake? Vigogo wanaijua bei ya kiti hicho. Asiyeijua ni wewe unayekiuza kwa sahani ya pilau.

Safu hii inaunga mkono wagombea wa aina ya Marielle, na inawataka vijana wawaunge mkono bila haya. Uchaguzi ukija, anayetaka udiwani aulizwe maswali matatu. Kabla ya kuchukua fomu, ni shida gani ya mtaa huu uliyoisimamia, na nani alikuwa nawe? Tangu lini unaishi hapa? Ukishinda, utaitisha lini mkutano wa kwanza utueleze fedha za kata? Akianza kujikuna, mpeni chai aende zake.

Na chama chetu nacho kisikie, maana mwenye kumpenda ndugu humwambia ukweli. Tunawalaani watawala kwa takrima na bahasha. Lakini ndani ya nyumba yetu wamo wanaotaka fomu ya udiwani apewe mwenye gari la matangazo, huku dada aliyesimama na mama lishe sokoni akiambiwa asubiri kwa kuwa hana kitu. Mkono mtupu haulambwi, watasema. Sisi tunasema fulana ya chama haimgeuzi mlafi kuwa mtetezi. Tukisimamisha mlafi wetu dhidi ya mlafi wao, mpiga kura atakuwa na haki ya kubaki nyumbani akalale.

Kwenu vijana, kumuunga mkono mtu wa namna hii si kushangilia jukwaani. Ni kuchangishana nauli yake, kubandika karatasi zake, kulinda kura zake. Akishaapishwa, jazeni viti vya wasikilizaji kila baraza likikaa, ili wanaotaka kumnunua au kumtisha wajue hayuko peke yake. Marielle alikuwa na watu nyuma yake, na hata alipouawa hawakuacha kumdai.

Kofia itachakaa, pilau litakwisha kabla ya magharibi. Diwani utakaye naye miaka mitano.