Makao ya Wazee Yakaguliwe na Watu Huru

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inaiagiza Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kwamba wanapata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali yenyewe. Maneno hayo hayakuandikwa yawe pambo. Ni haki, na haki isiyo na mlinzi ni kama shamba lisilo na ua.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7. Walio wengi hutunzwa nyumbani. Lakini vijana wamehamia mijini, mashamba yamegawanywa hadi yakaisha, na UKIMWI uliwachukua wana ambao wangekuwa tegemeo la wazazi wao. Kwa hiyo wako wazee ambao kimbilio lao la mwisho ni makao ya wazee, na baadhi ya makao hayo huendeshwa na makanisa na mashirika ya hisani. Tunaiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo, kuheshimu si kufumba macho.

Mwaka 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitangaza picha zilizopigwa kwa siri katika makao yenye uhusiano na kanisa humu nchini. Zilionyesha wazee wakitendewa vibaya na kunyimwa huduma. Aibu ile ilifichuliwa na kamera iliyofichwa, wala si na mkaguzi. Je, tungoje kamera nyingine?

Wengine husema: wazee wenyewe mbona hawalalamiki? Sisi tulio katika kazi ya sheria twajua jibu. Mzee aliyelala kitandani hulishwa, huoshwa na hupewa dawa na yule yule ambaye angemlalamikia. Shahidi anayekula mkononi mwa mshtakiwa hawezi kusema kweli bila woga. Ndiyo maana ukaguzi lazima utoke nje. Wahenga walituonya tusimpelekee ngedere kesi ya nyani. Basi na kamati inayoendesha makao isijikague yenyewe kisha ikajipa hongera.

Jambo hili si geni. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka makao ya hisani ya watoto yasajiliwe na yakaguliwe. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ana udhaifu gani pungufu ya ule wa mtoto?

Huko Uingereza, Tume ya Ubora wa Huduma ilianza kazi mwaka 2009. Wakaguzi wake huweza kufika bila kutoa taarifa, na ripoti zao huchapishwa ili kila mtu azisome. Lakini mwaka 2011 televisheni ilifichua ukatili katika hospitali ya Winterbourne View, karibu na Bristol, ambako mfanyakazi mmoja alikuwa amekwisha kuionya tume hiyo bila ya kusikilizwa. Na mwaka 2024 uchunguzi rasmi ulikuta tume hiyo ina kasoro kubwa. Funzo ni kwamba kuunda ofisi hakutoshi. Ofisi hiyo nayo lazima iwe na masikio, na iwajibike kwa wananchi.

Kwa hiyo tunadai mambo matano. Kwanza, kila makao ya wazee yasajiliwe, na viwango viandikwe: idadi ya wahudumu kwa wazee, usiku na mchana, chakula, dawa, usafi, na kinga ya vidonda vya kulalia. Pili, wakaguzi wasilipwe na makao wala wasiwe jamaa za wenye makao, nao wafike ghafla, hata usiku na siku za mapumziko. Tatu, wazungumze na mzee faraghani, na mfanyakazi atakayesema kweli alindwe asifukuzwe. Nne, ripoti ibandikwe langoni. Tano, makao yakifungwa, wazee wapatiwe kwanza mahali pa kuhamia, maana kumtupa mzee barabarani si kumwokoa.

Kuna viongozi wa dini watakaoona ukaguzi kama shutuma. Tunawaomba wafikiri tena. Hesabu za sadaka hukaguliwa, na hakuna mwaminifu anayechukizwa. Iweje fedha zikaguliwe, na binadamu wasikaguliwe? Wala tusiwabebeshe wahudumu lawama zote: anayelinda wazee wengi peke yake usiku kucha, kwa mshahara duni, naye amedhulumiwa.

Wasomaji wetu hawana haja ya kungoja Bunge. Ikiwa parokia au usharika wako una makao ya wazee, simama katika mkutano ujao uulize: yalikaguliwa lini, na nani, na ripoti iko wapi? Jibu likikosekana, uliza tena kwa maandishi, nakala kwa mbunge na seneta wako. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuweka kikomo cha umri, wala haikusema kwamba huishia langoni mwa makao ya wazee.