Voi ni mizani ya wanakriketi wanaogeuka wasimamizi

MJI wa Voi uko kwenye barabara na reli zinazounganisha Nairobi na Mombasa, ngome mbili kuu za kriketi nchini. Hata hivyo, mchezo huo umekuwa kama abiria apitaye bila kushuka, kwani vijana wengi wa Taita Taveta hukulia kwenye kandanda.

Hali hiyo ndiyo mizani ya kumpima mchezaji wa zamani anapoingia ofisini. Tom Tikolo, nahodha wa zamani wa timu ya taifa na kakake Steve Tikolo, alikuwa afisa mkuu mtendaji wa Cricket Kenya mwishoni mwa miaka ya 2000. Chama hicho kilichukua nafasi ya kile cha awali mnamo 2005, kufuatia mzozo ambapo wachezaji waligoma.

Hoja ya kumpa mwanakriketi wadhifa kama huo inaeleweka: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini ofisini hapahesabiwi mikimbio. Huhesabiwa fedha, wafadhili na idadi ya chipukizi wanaopata mechi za kucheza.

Hapo ndipo Kenya ilipoteleza. Mnamo Februari 24, 2003, iliilaza Sri Lanka jijini Nairobi, kisha ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia na kushindwa na India mjini Durban. Mwaka wa 2014 ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mashujaa wa 2003 walikuwa wamezeeka bila warithi wa kutosha.

Lawama haziwezi kuelekezwa Nairobi pekee. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la viwanja vya michezo. Ni kweli kwamba Voi ni kukavu, na mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Lakini mkeka uliotandikwa juu ya saruji katika uwanja wa shule hauhitaji kunyunyiziwa maji kama nyasi.

Kriketi inarejea katika Olimpiki mwaka wa 2028 jijini Los Angeles, baada ya kukosekana tangu 1900. Msimamizi aliyewahi kushika gongo atakuwa amefaulu iwapo kijana wa Voi, Mwatate au Taveta ataweza kujifunza mchezo huo bila kuhama kwao.