Goma: Krem kila chumba, na garanti inabaki kwa mwenye nyumba

Ingia nyumba za kupanga mjini Goma, kuanzia Katindo hadi Ndosho: sebule krem, vyumba krem, jikoni krem, hata choo krem. Komisioneri anasifu kwamba nyumba ni safi na ina mwanga. Siku ya kuitembelea, ni kweli. Shida inaanza siku ya kuhama.

Wenye nyumba wana sababu zao. Rangi moja inaenea vyumba vyote bila mabaki, picha inatoka vizuri kwenye WhatsApp, na chumba kidogo kinaonekana kipana. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kumlipisha mpangaji vumbi la mji mzima.

Maana Goma ni mji wa vumbi jeusi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na watu wakajenga juu yake. Pikipiki ikipita kwenye avenyu isiyo na lami, vumbi linaingia mpaka dirishani. Mvua ikinyesha, mbabula inahamishwa jikoni na moshi wa makala unapanda ukutani. Watoto wanarudi kucheza, wanashika ukuta. Umeme ukikatika, mshumaa nao unaacha alama yake. Tena krem hiyo mara nyingi ni rangi ya maji ya bei ndogo: mama akipitisha kitambaa chenye maji, rangi inatoka pamoja na uchafu, linabaki doa kubwa kuliko la kwanza. Amesafisha, na bado anaambiwa ameharibu.

Siku ya kurudisha ufunguo, mwenye nyumba anapita chumba kwa chumba akionyesha kidole. Anakata pesa ya rangi, anakata ya fundi, na garanti inayeyuka. Mpangaji alikuwa anaitegemea kulipia nyumba nyingine, katika mji ambao benki zake zilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025 na dola haionekani kirahisi.

Lakini sheria ipo. Ile ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wanaodai sita wanajua wanachofanya. Na sheria ya mikataba haimtwishi mpangaji kitu kilichochakaa kwa umri wake.

Wenye nyumba watasema kuna wapangaji wachafu, wanaopigilia misumari kila mahali. Wapo, na tundu la msumari alipe aliyepigilia. Vumbi la barabara nalo, nani alilileta?

Dawa iko mbele ya macho. Shule nyingi na vituo vya afya hupaka sehemu ya chini ya ukuta, hadi kiunoni, rangi ya mafuta iliyokolea, ambayo inaoshwa kwa sabuni. Krem inabaki juu, mahali mikono haifiki. Mwenye nyumba anayetaka krem mpaka chini ajue kwamba kuipaka upya ni kazi yake. Na kabla ya garanti kutolewa, pande mbili zipite pamoja, ziandike hali ya kila ukuta, zipige picha kwa simu na kutia sahihi. Komisioneri, ambaye analipwa kwa kufungua mlango tu, hawezi kukosa dakika kumi za kuandika karatasi hiyo.