Chanjo itangulie mvua
Na Mwanaidi Makame

Masika yakikaribia Unguja na Pemba, hatuhitaji mtabiri wa kutuambia kipindupindu kitaanzia wapi. Masheha wanajua, wauguzi wanajua, na kina mama wanaochota maji kwenye visima vilivyo jirani na vyoo wanajua kuliko wote. Sasa kwa nini tusubiri mgonjwa wa kwanza alazwe ndipo tuulizie chanjo?

Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Mapema mwaka 2009 Wizara ya Afya, ikishirikiana na WHO, ilichanja katika shehia zilizokuwa zikiugua mara kwa mara. Walengwa walikuwa kama 48,000, na karibu nusu yao walimaliza dozi mbili. Waliozimaliza walipata kinga ya takriban asilimia 79 katika mwaka uliofuata. Kubwa zaidi ni hili: palipochanjwa watu wengi, hata majirani wasiochanjwa walipungukiwa na hatari. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka miwili hawakupewa chanjo ile. Kinga ya mtoto kama huyo ilikuwa ni kaka yake, shangazi yake na watu wa nyumba ya pili.

Na chanjo ile ilikuwa na taabu yake. Mtu mzima alikorogewa unga maalumu katika mililita 150 za maji, ndipo dawa ikatiwa humo akanywa. Watoa chanjo iliwabidi wapate maji safi ya kuinyweshea, katika mitaa ambayo shida yake hasa ni maji safi! Ya siku hizi ni kichupa kidogo cha plastiki: kinafunguliwa, kinaminywa mdomoni, mililita moja na nusu, basi. Hata mtoto wa mwaka mmoja anameza.

Naambiwa chanjo ni adimu. Ni kweli. Oktoba 2022 wasimamizi wa akiba ya dunia walilazimika kutoa dozi moja badala ya mbili kwenye milipuko, na ikafika wakati akiba yote inategemea kiwanda kimoja cha Korea Kusini. Ndiyo maana tuombe mapema na tuchague shehia kwa makini. Kuchelewa kuna bei yake: mwaka 2016 tulifunga skuli zote kwa sababu ya kipindupindu.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya wale wanaosema chanjo itawapa wakubwa kisingizio cha kutoleta mabomba. Dozi mbili hukinga kwa miaka mitatu hivi, kisha nguvu hupungua. Lakini miaka mitatu si haba. Shehia inaweza kulazwa mabomba na kujengewa vyoo ndani ya muda huo, fedha zikiwepo. Kwa hiyo Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, bajeti ya chanjo ikiletwa mbele yenu msiipitishe peke yake. Kwa kila shehia itakayochanjwa, mtakeni waziri wa maji ataje tarehe ya bomba kufunguliwa, na iandikwe.