BWANA SHAMBA ANASEMA: Kirilo Japhet na Ardhi ya Wameru

Kila mwezi tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na mifugo. Mwezi huu tuzungumze juu ya ardhi yenyewe. Mbegu bora haioti hewani.

Kaskazini mashariki ya Mlima Meru kuna mahali panapoitwa Ngarenanyuki. Leo ukifika huko utaona mashamba ya nyanya, vitunguu na mahindi. Lakini mwaka 1951 watu wa huko walilia.

Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika, na Waingereza ndio waliotawala. Serikali yao ilitaka ardhi hiyo wapewe walowezi wachache wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru walikataa kuhama. Mwezi Novemba 1951 askari waliletwa. Nyumba zilichomwa moto. Watu wapatao 3,000 walifukuzwa pamoja na mifugo yao. Waliambiwa waende King'ori, kwenye tambarare yenye joto na ukame.

Je, Wameru walifanya nini? Hawakushika mikuki. Walishika kalamu.

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini. Maana yake, Uingereza iliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mwananchi aliyeonewa aliweza kupeleka malalamiko yake huko. Wameru walijua jambo hilo, nao wakaandika malalamiko yao. Walisaidiwa na mwanasheria wa Moshi, Bwana Earle Seaton, mtu mweusi aliyezaliwa kisiwa cha Bermuda. Watu walichanga fedha, kila mtu kwa uwezo wake. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha wakamchagua kijana wao, Kirilo Japhet, awe msemaji.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, Marekani. Akasimama mbele ya wakubwa wa dunia akaeleza jinsi watu wake walivyofukuzwa. Nchi nyingi zilimwunga mkono. Lakini katika mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kura hazikufika theluthi mbili. Ardhi haikurudishwa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tungekata tamaa hapo. Kirilo Japhet hakukata tamaa. Aliporudi nyumbani mwaka 1953 alitembea mikoani akiwaeleza watu habari hii. Watu wa makabila mengine wakaelewa kwamba msiba wa Wameru unaweza kuwa wao kesho. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye alikwenda Umoja wa Mataifa kudai haki ya nchi nzima. Mwaka 1961 tukapata uhuru, na Wameru walirudi Ngarenanyuki. Mwaka 1967, miaka 16 baada ya moto ule, Kirilo Japhet na Bwana Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo, ili habari isipotee.

Sisi tunajifunza nini? Siku hizi tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inasema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wewe, mimi na kila mkazi aliyefikia miaka 18. Mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mkulima anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Ugomvi ukitokea, kuna baraza la ardhi la kijiji.

Basi fanyeni hivi:

1. Hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji. Asiyekwenda huamuliwa na wengine.
2. Msitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hamjaisoma.
3. Jueni mipaka ya mashamba yenu. Tunzeni hati mahali pakavu.
4. Mtu akionewa, andikeni malalamiko pamoja. Sauti ya mmoja husahaulika, karatasi yenye majina mengi hukaa.

Wewe sasa unajua kusoma. Kalamu ile ya Wameru imo mkononi mwako.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini Wameru waliweza kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa?
2. Kura zilipokosekana, Kirilo Japhet alifanya nini?
3. Katika kijiji chetu, nani anaruhusu ardhi igawiwe?